Michubuko Yote Ilikuwa Nyuma

Truphena alikuwa akimgombeza mkulima mmoja kuhusu dawa ya kupe wakati wifi yake Sylvia alipoingia dukani bila hodi.

"Mzee, kiasi kimeandikwa kwa chupa," Truphena alikuwa akisema. "Ukiweka mara mbili, kupe hawafi mara mbili. Ng'ombe ndiye anakufa mara moja."

Mkulima alicheka. Sylvia hakucheka. Alikuwa ametoka Busia alfajiri, akapitia nyumbani Amagoro kumwona mama yake, kisha akapanda boda mpaka hapa Malaba, kwenye duka la dawa za mifugo la mke wa kaka yake. Hakusalimia. Alilaza simu yake juu ya paketi za mbegu za mahindi, kioo kikitazama juu.

Ilikuwa picha ya mgongo wa mwanamke mzee. Chini ya bega la kulia palikuwa na doa kubwa la zambarau, jingine karibu na kiuno limeanza kugeuka manjano, na jipya jekundu kwenye uti wa mgongo. Truphena aliinama kutazama. Akadhani Sylvia anamwonyesha mgonjwa fulani wa kuchangiwa.

"Huu ni mgongo wa nani?"

"Uliza mkono wako."

Mkulima aliokota kofia yake. "Mama Allan, nitarudi baadaye," akasema, akatoka bila dawa.

Truphena hakuelewa. Alitazama picha tena, akaona ule ushanga mweusi shingoni, ushanga ambao mama mkwe wake Aguti hajauvua tangu mumewe azikwe.  Truphena, ambaye Malaba nzima inajua mdomo wake haujawahi kukosa jibu, aliivuta simu karibu akahesabu madoa.

"Nimemwogesha leo asubuhi," Sylvia alisema. "Ananiambia ameanguka. Sawa. Mimi pia nimeshaanguka. Mtu akianguka anaenda mbele. Anachubuka magoti, anachubuka viganja. Mama magoti yake ni safi kama ya bibi harusi. Kila kitu kiko nyuma. Viwiko, mgongo, mpaka kisogo. Huyo haanguki, Mama Allan. Huyo anasukumwa."

"Na nani?"

"Nyumbani mko wangapi?"

Walikuwa wawili. Emorut, mume wa Truphena, anaendesha lori la mizigo na wiki hiyo alikuwa Juba. Mtoto wao Allan yuko shule ya bweni. Basi jibu lilikuwa moja, na Sylvia alimwachia ahesabu mwenyewe.

"Mzee Ikapel anakuja kesho baada ya misa," Sylvia akasema akichukua simu yake. Mzee Ikapel ni mdogo wa marehemu baba yao, na ndiye anayekalia mambo ya ukoo. "Mama nitaondoka naye. Wewe, Emorut ataamua kama unabaki ama unarudi kwenu Marachi. Nimeshamtumia picha."

Truphena alifunga duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ile mpaka wa nchi ulipofungwa na malori yakajaa barabarani hadi nje ya mji.

Njiani, nyuma ya boda, alitafuta hasira yake akaikosa. Alipata mshangao tu. Alijua ana ulimi mkali. Alikuwa amemwambia Aguti mbele ya watu kwamba mboga zake zina chumvi ya kuua fisi, na Aguti akamjibu kwamba watu wa Marachi hupika mboga kama wanachemsha nguo. Hayo ndiyo maisha yao. Lakini mkono, hapana. Na kama kuna mtu aliyehangaika ili yule mama asianguke, alikuwa yeye.

Mwanzoni mwa mwaka Aguti aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto kwenye mtaro wa soko. Binti wa mazoezi ya viungo hospitalini aliuminyaminya ule mguu, akasema mama avae bresi laini ya kitambaa ya kushikilia kifundo, kwa mguu huo tu, akitembea mahali pabaya. Nyumbani avue. Kisha afanye mazoezi: asimame mguu mmoja huku ameshika meza, anyanyuke kwa vidole, ashuke. Truphena alisikiliza akaona ni maneno ya mtu asiye na mama mkwe wa miaka sabini na sita. Kitambaa kitamzuia nani kuanguka? Na mguu wa kulia je, huo haujui kuteguka?

Alienda Busia kwa Nusura, mwanamke anayeuza viatu na vifaa vya mitumba nyuma ya stendi. Nusura alimtolea bresi za kitambaa. Truphena akazikunja kwa mkono mmoja, akazirudisha.

"Nataka kitu kigumu, dada."

Nusura aliingia ndani ya marobota akatoka na jozi ya maganda meupe ya plastiki. Yalipita chini ya wayo, yakapinda kisiginoni, yakapanda nyuma ya mguu mpaka karibu na goti, na mikanda mitatu kila moja.

"Hizi nafikiri ni za watu wa kupooza," Nusura alisema. "Lakini hazipindi. Hata lori lipite juu."

"Hizo ndizo nataka."

Alimfunga Aguti mwenyewe, zote mbili, akavuta mikanda mpaka mwisho. Akamwambia, "Mama, usivue. Usivue hata ukilala, maana watu huanguka wakiamka." Aguti alijaribu hatua chache sebuleni, akitembea kama mtu aliyevaa ndoo. Hakuyumba. Truphena aliridhika. Tangu siku hiyo hakumwona Aguti akianguka hata mara moja. Alikuwa akiwaambia wateja: bresi ndiyo dawa ya wazee.

Hata ajon Aguti alikuwa ameiacha. Zamani kila Jumamosi alikuwa akienda kwa jirani, akikaa kwenye kigoda kifupi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, mrija mrefu mdomoni, akirudi jioni akiimba. Sasa alikaa nyumbani. Truphena alidhani labda ameokoka, na hakuuliza, asije akamharibia.

Alimkuta Aguti nje ya kijumba chake, kwenye kiti cha plastiki, miguu imenyooshwa mbele na yale maganda meupe yakimetameta juani.

"Mama, nionyeshe mgongo."

"Mgongo wangu ni sinema?"

"Sylvia anasema nakupiga."

Aguti aligeuza uso upande wa migomba. "Sylvia anaongea sana."

"Basi ulimwambia nini?"

"Nilimwambia nimeanguka."

"Wapi? Mimi sijakuona ukianguka."

Aguti akainama. Alianza kukwangua tope kavu kwenye fimbo yake kwa ukucha. Truphena aliuliza tena na tena, kwanza kwa upole, kisha kwa sauti yake ya dukani, na kila mara yule mama alikwangua fimbo. Mwishowe Truphena alimwinulia blauzi kwa nyuma bila ruhusa, akaona kwa macho yake. Picha ilikuwa imepunguza. Akarudisha blauzi polepole, akakaa chini kwenye vumbi akiwa na nguo zake za dukani.

Nani huingia hapa nikiwa kazini? Ndilo wazo lililomjia. Nani anampiga mama yangu?

Emorut alipiga simu jioni. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuumiza Truphena zaidi. Alisema tu, "Nimeona picha," na nyuma yake injini ya lori ikasikika ikinguruma.

"Unaamini?" Truphena aliuliza.

"Niko mbali, Mama Allan. Mimi naamini nini nikiwa huku?"

Jumapili Mzee Ikapel alifika kwa baiskeli, suti ya kahawia, klipu za nguo kwenye suruali. Sylvia alikuja na teksi, na Truphena akaona dereva hakuondoka. Alizima gari akalaza kiti. Gari la kumbeba mama lilikuwa tayari kabla maneno hayajaanza.

Walikaa sebuleni katika nyumba kubwa. Truphena alisimama karibu na mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi, kama mke anavyosimama mbele ya baba mkwe. Mzee Ikapel alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema lolote.

"Shemeji," akamwambia Aguti, "hii nyumba ina kelele. Mimi nimekuja kuuliza, si kupiga mtu. Unaanguka?"

"Naanguka."

"Unaangukia wapi?"

Aguti alitazama miguu yake.

"Haya. Nani anakuangusha?"

Yule mama aliinua macho. Alimtazama Truphena muda mrefu, moja kwa moja, macho ya mtu anayejua jambo. Kisha akayateremsha.

"Msiniulize hiyo," akasema.

Chumba kizima kilisikia jibu. Sylvia aliegemea nyuma na kutoa pumzi. Mzee Ikapel aliweka kikombe mezani kwa uangalifu kana kwamba kingeweza kulipuka.  Truphena alitaka kusema, Mama, ni mimi, Truphena, ninayekukatia kucha.  Lakini aliona tu teksi pale nje, na safari ya kurudi Marachi na begi, na wanawake wa Malaba wakisema tulijua, ule mdomo ungefika mkononi siku moja.

"Nipisheni kidogo," Aguti akasema. Alichukua fimbo yake, akasukuma kiti kwa mikono miwili mpaka akasimama, akatoka nje kwa ule mwendo wake wa ndoo, akapita kijumba chake kuelekea nyuma.

Ndani ya nyumba kubwa kulikuwa na choo cha kukalia, cheupe, cha kuvuta maji. Emorut alikijenga kwa ajili yake. Aguti alikikataa siku ya kwanza. Alisema hawezi kujisaidia chini ya paa moja na mwanawe, na kukalia mahali anapokalia mwanawe ni laana. Akabaki na choo chake cha shimo, ukuta wa udongo, mlango wa mabati.

"Sasa, mke wa Emorut," Mzee Ikapel alianza, "umesikia mwenyewe. Mimi nikirudi kwa ukoo nitasema—"

Kishindo kilitoka nyuma ya nyumba. Mabati yakalia, kisha kimya.

Sylvia alikuwa wa kwanza kutoka, Truphena nyuma yake. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka ndani. Truphena aliushika ukingoni kwa mkono mmoja akaung'oa pamoja na bawaba.

Aguti alikuwa chali kati ya shimo na ukuta, kichwa kimebanwa kwenye udongo, gauni limepanda. Miguu yake ilikuwa imeinuka hewani, imenyooka, katika yale maganda meupe, kama miguu ya mdoli aliyetupwa. Macho yalikuwa wazi.

"Msilete mwanaume," akasema.

Mzee Ikapel, aliyekuwa akija mbio, alisikia akasimama papo hapo, akawageuzia mgongo na kutazama migomba.

Walimbeba mpaka kivulini, Truphena kwa mkono mmoja, wakamlaza kwenye mkeka. Kisogo kilitoka damu. Sylvia alifungua kitambaa chake cha kichwa akakandamiza jeraha, na alipoinua macho kumwambia Truphena alete maji, akayasahau maji. Alikuwa akitazama mkono wa Truphena. Ule mkono ulikuwa bado umeshika chupa ya chai.

Hakuna aliyemsukuma. Wote watatu walikuwa pamoja, na mlango ulikuwa na waya ndani.

"Mama," Sylvia akasema, sauti imepungua, "huko ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu." Aguti alifumba macho. "Nivueni hivi vitu kwanza. Nikichuchumaa vinanirudisha nyuma. Goti linapinda, huku chini hapapindi. Nabaki juu ya visigino kama chungu kwenye jiwe. Halafu naenda."

"Kila mara?"

"Kama ukuta uko karibu, naupiga na mgongo. Kama nimekosea, naenda chini."

Truphena alipiga magoti kando ya mkeka. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Aguti alifungua jicho moja. "Ulisema nisivue hata nikilala. Wewe ndiye umesoma, wewe ndiye una duka la dawa. Na mambo ya choo nimwambie nani? Mke wa mwanangu? Ama huyo mzee mwenye suti?"

Kule migombani suti haikutikisika.

Truphena alifungua mikanda. Ngozi chini yake ilikuwa imebaki na mistari mirefu myekundu. Aliyashika yale maganda mikononi, mepesi, laini kwa ndani, na kichwa chake kikakataa. Kitu kilichotengenezwa kuzuia mtu kuanguka hakiwezi kumwangusha. Alivua viatu vyake. Akavaa la kushoto, la kulia, akavuta mikanda mpaka mwisho kama alivyomvutia yule mama, akasimama katikati ya ua.

Wima alikuwa imara kama nguzo. Hata alijisikia salama.

Kisha akachuchumaa.

Magoti yalikunjika, lakini miundi ilikataa kulala mbele. Alisikia uzito wake wote ukimvuta kwa nyuma, akatafuta vidole vya miguu vimshike, na vidole havikuwa na kazi; chini ya kila unyayo kulikuwa na kitu kama ubao. Kifundo kilitaka kupinda kikakuta ukuta. Hakukuwa na hata nafasi ya kusema lo. Alianguka chali, kishindo, pumzi ikamtoka, miguu miwili juu.

Mzee Ikapel aligeuka kwa kile kishindo. Akamwona mke wa mwana wa ndugu yake mgongoni kwenye vumbi, nyayo zimetazama mbingu. Alivua kofia yake taratibu akaiweka usoni.

Hakuna aliyecheka. Truphena alilala pale akitazama matawi, akisikia uchungu chini ya bega la kulia. Palepale. Mahali pale pale palipokuwa na doa la zambarau kwenye picha. Alimtazama mama mkwe wake kwa upande, kutoka chini, na sasa akaelewa yale macho ya sebuleni. Aguti aliulizwa ni nani anayemwangusha. Alijua jibu, na akakataa kumtaja.

"Sylvia," Truphena alisema bila kuinuka. "Hukukosea. Nilikuwa namsukuma kila siku. Hata nikiwa Malaba dukani."

Teksi iliyokuja kumhamisha Aguti ndiyo iliyompeleka hospitali. Walimshona kisogo, wakampiga picha ya kichwa, wakasema hakuna kilichovunjika. Siku mbili baadaye binti wa mazoezi aliyageuzageuza yale maganda meupe mezani, akauliza nani aliyeyaagiza. Truphena akasema, "Mimi." Alingoja matusi. Binti hakutukana.

"Hizi hupimwa mtu kwa mtu, na zina wagonjwa wake," alisema. "Mguu wa mama haujapooza. Ile ya kitambaa inamzuia kupinda pembeni, na inatosha. Mtu akiyumba, kifundo ndicho huwa cha kwanza kumrudisha. Wewe ulimfunga mlinzi kamba, mama. Mwizi akaingia anavyotaka. Na hivi vifundo vilivyokaa ndani muda wote vimelegea, kwa hivyo mazoezi tuanze upya."

Truphena alisikiliza kila neno safari hii. Kabla ya kufungua duka kesho yake alipigilia nguzo mbili za mkaratusi ndani ya choo cha shimo, kushoto na kulia, za kushika, akabadilisha waya wa mlango ukawa komeo linalofunguka hata kwa nje. Emorut alipiga simu akauliza wameamua nini. Alimweleza yote bila kujipunguzia. Emorut akauliza kama ni kweli alianguka mbele ya Mzee Ikapel. "Ni kweli," akasema, na akasikia lori zima likicheka.

Sylvia hakucheka. Jumamosi alirudi na begi tupu.

"Kukiri hakubadilishi mgongo wa mama," alisema uani. "Mama Allan hakumpiga, sawa. Lakini ni yeye aliyemfunga. Kwangu Busia hakuna atakayemvalisha kitu. Nataka aende."

Truphena alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu mengi. Akayameza yote, kwa sababu hakuna hata moja lililokuwa kweli kuliko lile aliloambiwa.

Aguti alikuwa kwenye kigoda kifupi, miguu mitupu, kitambaa laini kwenye kifundo cha kushoto tu. Kichwa kilikuwa na bendeji. Alikuwa akichambua wimbi kwenye ungo.

"Naulizwa?" akasema.

"Unaulizwa, Mama."

"Busia kuna gorofa. Sipandi." Aliweka ungo kando. "Nitabaki kwa huyu wa Marachi. Lakini asinivalishe tena kitu bila kuniuliza. Hata kofia. Leo ni Jumamosi. Naenda kwa jirani."

"Kwa ajon, Mama? Na hiyo kichwa?"

"Sinywi na kisogo."

Aliegemea mbele, mikono juu ya magoti, na kuanza kuinuka kutoka kwenye kigoda. Nusu ya njia mwili ulisita. Ukayumba kwa nyuma, kidogo, ule upande mbaya. Sylvia alishika mdomo. Truphena alikuwa ameshafika, mkono wake umenyooka, vidole vimekaribia kiwiko.

"Wacha," Aguti akasema.

Truphena aliacha mkono pale hewani, bila kugusa. Alitazama chini. Vidole vya yule mama vilikamata udongo, kimoja kimoja, vikaachia, vikakamata tena. Kifundo cha kulia kikatetemeka, cha kushoto kikapinda ndani ya kitambaa chake, miundi ikalala mbele. Kuyumba kukapungua. Aguti akanyooka, akavuta gauni lake, akainama kidogo kuchukua fimbo, akaelekea njiani.

Mkono wa Truphena ulikuwa bado umenyooka.